Tukutane Ufukweni Tungali Hai

Ndugu msomaji, hebu liweke gazeti hili chini kwa dakika moja, ujiulize swali dogo. Ni lini mara ya mwisho ukoo wenu ulipokaa pamoja, wazee kwa watoto, bila ya kuwapo jeneza uani?

Mimi nilijiuliza swali hilo katika matanga ya shangazi yangu. Tangu asubuhi vijana wawili walikuwa wakipokezana ndoo za maji kutoka bombani hadi jikoni. Walifanya kazi kwa bidii, na kufikia mchana walikwisha zoeana na kuanza kutaniana. Jioni, jina la babu yetu lilipotajwa katika historia ya marehemu, ndipo walipogeukiana kwa mshangao. Kumbe baba zao walizaliwa tumbo moja! Walikuwa wakisoma katika mji mmoja na kupita njia moja kwa miaka mitatu. Aliyewajua wote wawili, na ambaye angewatambulisha mapema, ndiye tuliyekuwa tumetoka kumzika.

Hapana shaka kisa hicho si changu peke yangu. Kazi zimetutawanya. Mmoja yuko kiwandani Mwanza, mwingine ofisini Dodoma, wa tatu bandarini Dar es Salaam, wa nne amebaki kijijini na jembe lake. Simu ya mkononi imetusaidia kusalimiana, lakini salamu ni jambo moja na kukaa pamoja ni jambo jingine. Matokeo yake ni kwamba msiba ndio umekuwa mkutano mkuu wa ukoo. Kwa msiba, nauli hupatikana usiku huohuo. Ruhusa kazini hupatikana. Michango hukusanywa kwa siku moja. Basi, ikiwa tunaweza kufanya hivyo kwa ajili ya ndugu aliyekwisha kufa, kwa nini tushindwe kwa ajili ya ndugu aliye hai?

Makala haya yanapendekeza jambo moja: ukoo utenge wiki moja ya likizo, uende ufukweni pamoja, tungali hai. Nalo si jambo la anasa, bali la kupanga.

ROBANDA KAMA MFANO

Ili maneno yasielee hewani, tuchukue mfano wa ukoo wenye asili ya Robanda. Ni mfano tu, lakini msomaji atauona ukoo wake ndani yake.

Robanda ni kijiji cha Kata ya Ikoma, Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Ni nyumbani kwa Waikoma, na kiko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951. Ngome ya Ikoma, iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, haiko mbali. Kila mwaka makundi makubwa ya nyumbu hupita katika maeneo hayo, na nyuma ya nyumbu huja watalii. Robanda, pamoja na Nyichoka, Nyakitono, Makundusi na Natta Mbiso, ni miongoni mwa vijiji vitano vilivyounda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, na kwa njia hiyo hupata sehemu ya mapato ya utalii.

Sasa tazama ajabu iliyopo hapo. Watu husafiri kutoka Ulaya na Marekani, babu, bibi, watoto na wajukuu, wakaja kupumzika kando ya Robanda. Vijana wa Robanda huwapikia, huwatandikia vitanda na huwaongoza kutazama tembo. Wanaona kwa macho yao jinsi familia ya wageni inavyokaa mezani pamoja jioni. Lakini ukiwauliza vijana hao ni lini wao wenyewe walikaa hivyo na shangazi zao walioolewa mbali au na kaka zao walioko mijini, aghalabu jibu litakuwa lilelile: tulipokuwa tukimzika fulani.

Wapo watakaosema kwamba likizo ya familia ni mila ya wazungu matajiri. Sivyo. Huko kwao pia mfanyakazi wa kawaida hakuwa nayo mpaka alipoidai. Nchini Ufaransa, ni mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa na chini ya Serikali ya Léon Blum, ndipo sheria ilipowapa wafanyakazi wiki mbili za likizo yenye malipo. Wengi wao walipanda treni wakaenda kuiona bahari kwa mara ya kwanza maishani. Mwaka huohuo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza kuhusu likizo yenye malipo. Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Kwa hiyo, ndugu mfanyakazi, likizo ni haki yako. Siku saba kati ya hizo 28 si nyingi mno kuupa ukoo wako.

KWA NINI UFUKWENI, SI NYUMBANI?

Msomaji atauliza: si bora sote tukaenda tu kijijini kwa bibi? Kwenda kijijini ni wajibu, wala makala haya hayamwachishi mtu wajibu huo. Lakini tuseme ukweli. Watu thelathini wakishuka nyumbani kwa bibi, bibi hapumziki. Huamka alfajiri kuwasha moto na hulala wa mwisho. Wageni kutoka mjini hupewa vitanda, naye hulala juu ya mkeka. Wenye kuja hukaa kama wageni, na mwenyeji hubaki mtumishi. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," lakini siku hizi nani humpa jembe mjukuu aliyetoka mjini na simu yake mkononi?

Mjini nako kuna shida yake. Mjomba kutoka kijijini akifika katika nyumba ya mwanawe hukaa ukingoni mwa kochi, anaogopa kuchafua zulia. Hajui bomba lipi ni la maji ya moto. Siku ya tatu huanza kuulizia basi la kurudi.

Ufukweni ni mahali pa kati. Hakuna mwenyeji wala mgeni. Ziwa Victoria si la mtu wa Robanda, ambaye amezoea mbuga na nyasi ndefu. Si la mtoto wa Dar es Salaam pia, ambaye ufukwe anaoujua yeye ni ule wa Kigamboni, wenye maji ya chumvi yanayokupwa na kujaa. Bibi na mjukuu watasimama mchangani wakiwa sawa kwa ugeni. Watashangaa pamoja. Na watu walioshangaa pamoja huanza kuzungumza.

Kwa ukoo wa Robanda, ufukwe ulio karibu ni wa Musoma. Njia ya kupitia Natta, Butiama na Makutano inafaa, kwa sababu safari yenyewe ina somo. Butiama kuna Mwitongo, alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere baada ya kufariki tarehe 14 Oktoba, 1999, na kuna makumbusho yake. Mjini Musoma kuna Shule ya Msingi Mwisenge, alikoanza masomo mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Watoto wanaopelekwa shule kila siku kwa basi watanufaika wakielezwa kwamba mtoto wa miaka hiyo alitoka Butiama kwenda kusoma mji wa mbali na kwao, tena bwenini.

Wakati unaofaa ni likizo ya shule ya katikati ya mwaka. Mvua za masika huwa zimekwisha, barabara ni kavu, na wanafunzi wako nyumbani.

NANI ATABAKI NYUMBANI?

Hapa ndipo penye mtihani wa kweli, na ndipo koo nyingi zinapokosea.

Katikati ya mwaka ni wakati wa mavuno. Kijiji kilicho jirani na mbuga hakiachwi tupu. Tembo mmoja akiingia shambani usiku anaweza kumaliza kwa saa chache chakula cha mwaka mzima. Ng'ombe wanataka kuchungwa na kukamuliwa. Kwa hiyo lazima mtu abaki. Na aghalabu atakayebaki anajulikana hata kabla ya kikao: ni yule ndugu asiye na mshahara, aliyebaki na wazee wakati wengine walipokwenda kusoma. Hulinda shamba, huuguza mama, hupokea miili ya marehemu na kuchimba makaburi. Siku ya furaha ikija, huambiwa, "Wewe utatushikia nyumba."

Ndugu msomaji, wiki ya ukoo ambayo ndugu huyo hakuwamo si ya ukoo. Ni ya wenye mishahara.

Njia ya kutengeneza jambo hili ipo, nayo ni zamu. Wiki igawanywe katikati. Siku ya nne asubuhi, ndugu wawili wenye nguvu kutoka mjini warudi Robanda, wakalale shambani na kupiga debe usiku, na yule aliyekuwa akilinda aje ziwani na mkewe na watoto wake. Mtu wa mjini hatakufa kwa kulinda mtama siku tatu. Atakachopata ni kuelewa maana ya zile simu anazopigiwa kijijini akaona ni usumbufu. Naye wa kijijini, aketipo kivulini huku kaka yake yuko shambani, atajua kwamba anahesabiwa. Mashauri mengi ya ardhi na urithi yanayowafikisha ndugu barazani yalianza na mtu mmoja kujiona hahesabiwi.

LIKIZO YA NANI?

Mtihani wa pili ni wa akina mama. Tumeona mara nyingi "mapumziko" ambayo wanaume huketi wakizungumza siasa na mpira, watoto hucheza, na wanawake hupika kwa ajili ya watu thelathini mara tatu kwa siku. Mwanamke arudipo kazini Jumatatu huwa amechoka kuliko alivyoondoka. Mke wa kaka aliyeolewa majuzi ndiye huumia zaidi, kwa sababu kila wifi na kila mama mkwe ana kazi ya kumpa, na heshima haimruhusu kusema hapana.

Basi zamu ya jikoni ipangwe na kuandikwa kabla ya safari, na wanaume wawemo. Musoma hapana shida ya kitoweo. Sato na sangara hupatikana, dagaa ndio usiseme. Mwanamume ambaye hajui kusonga ugali anajua angalau kuparua samaki, kuchanja kuni, kuteka maji na kuosha sufuria. Chakula kiwe chepesi: uji asubuhi, mlo mmoja mkubwa alasiri, na viporo usiku. Si lazima kila siku iwe karamu. Watu hawakukusanyika kwa ajili ya kula. Hayo huwafanyika arusini.

Kuna na jambo la heshima ambalo wengi hulisahau mpaka wafikapo ufukweni. Kwa makabila yetu mengi ya Mara, mkwe na mkwewe wana mipaka. Baba mkwe hakai na mke wa mwanawe akiwa nusu ya mavazi, wala mama mkwe hapendi kulala chini ya paa moja na mume wa binti yake. Vijana wa mjini wasicheke. Mila hizo zina kazi ya kulinda amani ya nyumba. Wala hazizuii safari, ila zinataka mpango. Wazee wapewe nyumba yao. Kuoga kuwe na saa: wazee wa kiume asubuhi na mapema, akina mama na wakwe saa nyingine, watoto saa zao chini ya ulinzi. Kanga, kaptura na fulana zitoshe kuwa mavazi ya kuogea. Mzee asiyelazimishwa kuona asichotaka kuona atakaa wiki nzima kwa furaha. Akifedheheka siku ya kwanza, kesho yake atataka kurudishwa kwake.

MAJI HAYANA MZAHA

Wahenga walisema, "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Ziwa Victoria ni la pili duniani kwa ukubwa wa eneo miongoni mwa maziwa ya maji baridi. Mtu aliyezoea bahari ajue kwamba maji yasiyo na chumvi hayamwelei mtu kama ya bahari. Kijana anayejigamba kwa kuogelea Kigamboni atajikuta mzito zaidi hapa. Chini kunaweza kuwa na tope au mawe, na hatua moja tu huweza kumtoa mtu kwenye maji ya magoti na kumtumbukiza kwenye maji ya shingo.

Kabla ya mtoto yeyote kuingia majini, mkubwa mmoja aende kwa uongozi wa mtaa au kijiji na kwa wavuvi wa mwalo, akaulize: mamba wameonekana wapi, viboko hupanda wapi, na watoto wa hapa huoga wapi? Wavuvi wanajua. Mahali ambapo wenyeji hawaogi, usioge. Na ikisemwa kwamba kiboko hutoka jioni kula majani, basi jioni hiyo watu wawe mbali na ukingo.

Pili, walinzi. Kila watoto waingiapo majini, wakubwa wawili wasimame na kufanya kazi hiyo moja tu. Wasipike, wasizungumze na simu, wasinywe pombe. Mtoto anayezama hapigi kelele kama tunavyodhani. Mara nyingi huzama kimya, na dakika chache hutosha. Ajali nyingi hutokea penye watu wengi, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake anatazama. Kwa hiyo mlinzi atajwe kwa jina, na akiondoka amkabidhi mwenzake kwa mdomo: "Sasa ni wewe."

Tatu, vyombo. Watoto watataka kupanda mtumbwi. Wapande kwa idadi inayoruhusiwa, kila mmoja akiwa amevaa jaketi la kuokolea maisha, na kwa kusikiliza neno la nahodha juu ya upepo. Taifa hili lina makovu. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafariki. Vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi. Chombo kikijaa, subiri kingine.

Nne, kichocho. Ugonjwa huu huletwa na minyoo ambayo sehemu ya maisha yake hukaa ndani ya konokono wa maji baridi. Vimelea vyake hutoka kwa konokono, huogelea, na kupenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi. Hupenda maji yaliyotulia, yenye majani na matete. Kwa hiyo ogeni penye mchanga safi na mawimbi, mbali na matete, wala msikae majini mchana kutwa. Maji ya kunywa yachemshwe. Hata hivyo hakuna ufukwe wa ziwa ambao mtu anaweza kuuapia. Kwa sababu hiyo, miezi miwili baada ya safari, wote waliooga wapimwe katika kituo cha afya, hata kama hawaumwi. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na inatibu. Atakayetapuuza asije akasingizia uchawi miaka kumi baadaye tumbo litakapovimba. Na msijisaidie ziwani wala kandokando yake, maana hivyo ndivyo ugonjwa unavyozungushwa kutoka kwa mtu hadi kwa konokono na kurudi kwa mtu.

JIONI NI ZA WAZEE

Mchana ni wa watoto. Jioni iwe ya wazee, na simu zikusanywe katika kapu moja baada ya chakula.

Wazee wa Robanda wana mengi ya kusema. Wapo wanaojua simulizi zinazowahusisha Waikoma na Wasonjo wa upande wa Loliondo. Wapo waliosikia kwa babu zao habari za sotoka iliyoangamiza ng'ombe katika miaka ya 1890, na njaa iliyofuata. Wanajua mahali palipokuwa na makaburi na malisho kabla mipaka ya hifadhi haijawekwa. Waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1970 wanaikumbuka Operesheni Vijiji na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mjukuu anayasoma hayo kitabuni kwa ajili ya mtihani, bila kujua kwamba aliyeyaona amelala chumba cha pili.

Lugha nayo ina nafasi yake. Watoto wengi waliozaliwa mijini hawajui Kiikoma. Hakuna wa kulaumiwa. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, na ni fahari yetu. Lakini bibi anaweza kufundisha maneno matano kila jioni: maji, moto, nyota, mama, njoo. Kwa wiki moja ni maneno thelathini na tano. Hayamfanyi mtoto kuwa msemaji, ila yanamwezesha kumsalimu bibi yake kwa namna itakayomfanya bibi acheke.

Halafu kuna kazi moja ambayo isiahirishwe. Nunueni daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila jioni mwanafunzi mwenye hati nzuri aandike: nani alimzaa nani, aliolewa wapi, watoto wake ni akina nani, wako wapi, nani alizikwa wapi. Andikeni na maradhi yaliyokwisha ingia katika ukoo, kama vile kisukari, shinikizo la damu na siko seli, maana daktari akiuliza, wengi wetu hubaki kutazama dari. Andikeni na mashamba, mipaka yake na mashahidi wake. Daftari hilo, siku ya mwisho, linakiliwa na kila nyumba. Lau ukoo wangu ungekuwa nalo, wale vijana wawili wasingetambuana kandoni mwa kaburi.

Na zile nyusiku za giza la mwezi, kabla ya kulala, watoeni watoto nje. Wavuvi wa dagaa huwa wametawanya taa zao ziwani, kwingine karabai za zamani, kwingine taa za umeme wa jua. Mtoto aliyekulia mjini atadhani kuna mji ng'ambo ya maji. Mwacheni babu amweleze kwamba ni watu walio kazini.

MFUKO WA SAFARI

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo mipango mingi hufia.

Kanuni ya kwanza ni kuanza mwaka mmoja kabla. Kila mwenye mshahara atoe kidogo kila mwezi. Haba na haba hujaza kibaba. Kanuni ya pili, kila mtu achangie kwa kadiri ya uwezo wake, na mchango wa kitu uhesabiwe sawa na wa fedha. Aliye kijijini akileta debe la mtama, kuku watatu na mkungu wa ndizi, aandikwe. Asiyekuwa na kitu alete nguvu zake. Kanuni ya tatu, mweka hazina awe mmoja, na mkaguzi awe mwingine. Hesabu isomwe mbele ya wote, hata kama mweka hazina ni kaka mkubwa. Heshima na hesabu havigombani.

Kanuni ya nne, kataeni ufahari. Si lazima hoteli. Nyumba ya kupanga kwa wiki, nyumba za wageni za kawaida, au mabweni ya taasisi za dini yakipatikana, yanatosha. Magodoro, vyandarua na sufuria vitoke nyumbani. Mbu wa ziwani hana simile, kwa hiyo kila kitanda kiwe na chandarua. Ndugu mwenye uwezo mkubwa asije akajilipia chumba chake cha peke yake chenye kiyoyozi huku wengine wakibanana. Akitaka kutumia fedha zake, amlipie nauli mjane wa kaka yake.

Kwa walioko Dar es Salaam, Musoma ni mbali, zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Ukoo unaweza kupokezana: mwaka huu ziwani, na baada ya miaka miwili, wa Mara washuke pwani, Bagamoyo au Tanga. Jambo kubwa si ufukwe upi. Ni nani mlikuwa naye.

SIKU YA MWISHO

Siku ya kuondoka, watu huwa na haraka ya mizigo. Pateni nusu saa kabla ya basi. Mkubwa wa ukoo aseme machache, mdogo kuliko wote anayejua kusema aseme yake, na tarehe ya kukutana tena itajwe hapohapo. Kisha pigeni picha moja, wote, hata yule anayelia kwa kunyang'anywa ndoo yake ya mchanga.

Picha hiyo itakuwa na thamani ambayo leo hamwezi kuijua. Katika kila ukoo wenye wazee, yupo mtu ambaye wiki hiyo itakuwa ya mwisho kwake. Hatumjui ni nani. Huenda si mzee. Siku itafika, turubai litafungwa uani, na ndugu watasafiri usiku kucha kama desturi. Tofauti itakuwa ni hii: mtakapokusanyika kumlilia, watoto wenu watakuwa wanamlilia mtu waliyemjua, aliyewafundisha neno la maji katika lugha yao, na ambaye miguu yake waliwahi kuifukia mchangani huku akicheka.

Ndugu msomaji, leo ni Jumapili. Kaka yako bila shaka yuko nyumbani. Mpigie simu kabla ya jioni. Usimuulize habari za mgonjwa yeyote, wala usimwombe fedha. Muulize tu: mwakani, mwezi wa sita, likizo yako ni lini?